Siku Niliyoongea kwa Sauti Yako

Gitothua, Jumapili alasiri

Batuli,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kumuuliza mwenzako kama ni mzima. Mimi sikuulizi. Asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukila mandazi matano na vikombe viwili vya chai, halafu ukaondoka kwenda Majengo kule Thika kumuaga nyanya yako, bila kuniaga mimi. Wewe u mzima kabisa, ila umenuna. Mimi pia ni mzima na nimenuna. Basi salamu zimeisha.

Nimekaa hapa kwenye cherehani. Sare za watoto wa watu nimezisukuma kando, na mbele yangu iko ile barua niliyomwandikia mkuu wa chuo, ile uliyoitoa jana kwenye sanduku lako, chini ya blanketi nilikokuwa nimeificha nije nimkabidhi mwenyewe huko chuoni. Umeisoma, ukaja ukaiweka juu ya cherehani, ukanitazama, ukaenda zako kuosha vyombo. Hata neno moja! Si ungepiga kelele? Si ungeuliza, "Mama, hii nayo ni nini?" Batuli, wewe hujui vile kunyamaza kwako kunanichosha. Wallahi afadhali mtu anitukane nijue pa kuanzia.

Ningekungoja urudi tuongee. Lakini najijua. Ukianza sentensi nitakudakia kabla hujafika katikati, wewe utafunga mdomo, tutalala hivyo, na kesho asubuhi utapanda basi la Kericho tukiwa bado tumenuniana. Kwa karatasi siwezi kukudakia. Wala wewe huwezi kunitazama vile.

Mambo ya sabuni, na kuanika nguo, na kutoazimana kitana na watu usiowajua, sitayagusa. Hayo unayajua kuliko mimi. Kinachonikera ni hiki: nimeandika ile barua mara tatu ndipo ikakaa sawa. "Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, binti yangu ana kigugumizi. Naomba asiitwe kusoma mbele za wenzake. Akiulizwa jina lake, tafadhali someni kwenye fomu." Nikaona hapo nimefanya kazi ya mzazi. Kumbe baba yako aliiona kabla yako. Alisoma, akaikunja, akaniambia, "Zaituni, huyo anaenda kusomea ualimu. Mwalimu asiyeitwa kusoma mbele za watu atafundisha nini, kufagia?" Halafu akacheka peke yake, akaenda kazini zamu yake.

Na hapo ndipo unaponimaliza. Ualimu! Kazi zote alizoziumba Mungu, mwanangu. Hapa cherehani iko, ningekufundisha kushona mpaka suti. Cherehani haiulizi mtu jina. Wewe umeenda ukachagua ile ya kusimama mbele ya watoto hamsini na kuongea kutoka asubuhi mpaka kengele ya jioni. Nilipokuuliza kwa nini, ulijibu, "K-kwa sababu nataka." Ati kwa sababu nataka. Jibu gani hilo la kumpa mtu aliyekubeba miezi tisa?

Lakini nataka nikueleze hofu yangu ilianzia wapi. Wewe umezoea kudhani ilianza na wewe.

Nilipokuwa mtoto kule Majengo, mjomba wangu Juma alikuwa muuza makaa. Mtu mpole, mkubwa kama mlango, na alikuwa na kigugumizi kuliko chako. Akipita na mkokoteni wake alikuwa anataka kuita "makaa!" na neno linakwama hapo kwa "ma." Watoto tulikuwa tunamfuata nyuma tukimwitia: ma-ma-ma-ma! Unajua nani alikuwa mbele ya hao watoto? Mimi. Mtoto wa dada yake wa tumbo moja. Nilikuwa na sauti nzuri ya kuiga, nikimwiga watu wanashika mbavu. Mwishowe mjomba aliacha kuita. Akafunga kengele ya baiskeli kwenye mkokoteni, akawa anapiga kengele tu, na hadi anakufa sikumbuki kumsikia tena akisema sentensi nzima.

Sasa mcheka watu kama mimi, Mungu akimpa mtoto wa kwanza, na huyo mtoto akifika miaka minne aanze kukwama kwa "ba" la jina lake mwenyewe, utamlaumu kwa kuogopa? Mimi nilijua watu hucheka vipi. Nilikuwa mwalimu wao.

Watu nao hawakunisaidia. Nyanya yako aliniuliza kama nilikuwa nakutekenya nyayo ukiwa mchanga. Tulipohamia hapa Gitothua, Mama Njoki wa duka akanipa dawa zake tatu: nikushtue na maji baridi asubuhi, nikuwekee kijiwe safi chini ya ulimi, au nikuombee kwao kanisani Jumapili, na maombi ni bure hata kwa Waislamu. Nikamwambia hiyo ya kijiwe ajaribu kwake kwanza. Na wewe wakati huo ulikuwa umepata dawa yako mwenyewe. Nilienda shule siku ya wazazi, mwalimu wako ananiambia, "Asha ni mtoto mwerevu sana, lakini haongei." Nikamuuliza Asha ni nani. Kumbe siku ya kwanza ulipoulizwa jina uliona Batuli halitoki, ukasema Asha, na mwaka mzima ukaitika Asha! Nilichapa meza ya watu pale. Nilikuwa nimekupa jina la mama ya baba yako, na wewe umelitupa kama ganda la ndizi.

Basi ndipo nikakupeleka Nairobi hospitali, na ndipo tukampata Mwalimu Atieno. Watu walikuwa wanamwita daktari wa kuongea, yeye mwenyewe alitaka tumwite mwalimu. Unakumbuka viatu vyake? Vilikuwa vinalia kwi kwi, na wewe ulikuwa unacheka. Tulimwona mara tatu. Alikufundisha kuacha hewa itoke kwanza, halafu midomo iguse neno polepole, kama mtu anayegusa uji kujua kama umepoa. Mara ya tatu ulimwambia jina lako lote. Nililia kwenye korido.

Halafu wiki hiyohiyo akahamishwa Kisumu.

Nilikasirika mpaka nikamwambia usoni kwamba serikali haina akili. Akasema, "Mama Batuli, hatutaacha. Tutaendelea kwa simu. Alhamisi saa kumi nitakuwa ofisini. Mnipigie." Kwa simu! Mimi sijawahi kusikia mtu akifundishwa kuongea kwa simu. Ni kama kufundishwa kushona kwa barua. Nikamwambia hatuna simu. Akauliza Ruiru hakuna kibanda cha simu? Nikasema viko viwili pale posta, kimoja hula silingi na kunyamaza, na kingine kina foleni ya Ruiru nzima. Akasema basi tupange foleni. Halafu akanipa kazi, na hiyo kazi ndiyo inayonifanya niandike barua hii.

Alisema: "Mimi kwa simu nitasikia sauti tu. Sitaona midomo wala shingo. Neno likikwama, sitajua kama anafinya macho, kama kidevu kinatetemeka, kama anapiga mguu chini. Bila kuona hayo siwezi kumsaidia. Wewe ndiye utakuwa macho yangu. Unaona, unaniambia, hapohapo."

Nikasema sawa mwalimu. Nikaona ni kazi rahisi, macho si ninayo?

Sasa kumbuka kile kibanda. Kioo kimoja hakikuwepo, kwa hivyo kila neno lilikuwa la watu wote. Mimi na wewe ndani tumebanana, nakushikia mkono wa simu sikioni, na nje pale wamesimama watu kumi na mmoja: mtu anataka kumpigia mdosi wake wa kazini, mama anataka kujua kama maiti imefika Mombasa, vijana wawili hawana hata wa kumpigia wamekuja kusikiliza tu. Unaanza, "B-b-b..." na nje kimya kinaingia, na baada ya kimya kicheko. "Wee mathe, hiyo simu ni ya kwenu?" "Mwambieni aandike barua!" Na kwenye simu Mwalimu Atieno ananiuliza kwa utulivu wake, "Mama Batuli, kidevu kinafanya nini?"

Kidevu kilikuwa kinatetemeka. Macho ulikuwa umefinya mpaka machozi, na mguu wako wa kulia ulikuwa unapiga sakafu ya kibanda du, du, du. Na mimi, na watu wote wale wanasikiliza, nikasema, "Kimetulia, mwalimu."

"Na macho?"

"Yako wazi. Yuko sawa tu."

Hivyo ndivyo nilivyofanya kila Alhamisi, Batuli. Si mara moja. Niliona aibu kutangazia foleni mwili wa mtoto wangu kama mtu anayeuza ng'ombe. Mwalimu akawa anakupa mazoezi ya mtoto aliyetulia, na mtoto aliyetulia hakuwepo pale kibandani. Yule aliyekuwepo alikuwa anazama, na kila wiki anaambiwa ogelea mbele zaidi. Halafu jioni nikawa nakukaripia hapa nyumbani: "Kwani wewe hufanyi mazoezi? Pesa za simu zote zile!" Ai, nikikumbuka hiyo natamani kujizaba kofi.

Halafu ikaja ile Alhamisi ya mvua. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Mwalimu alikuwa amekupa habari fupi ya kuku aliyepotea uisome kwa simu yote, mwanzo hadi mwisho. Foleni ilikuwa imejibanza ukutani kukwepa mvua, imekasirika. Tukaingia. Nikapiga. Mwalimu akasema, "Leo ni leo! Nipe Batuli." Nikakuwekea simu. Ukafunga mdomo. Nikakufinya bega, ukazidi kuufunga. Nikakunong'oneza, "Soma, mtoto wangu, soma!" Ukatikisa kichwa. Simu ikaanza kulia tii, tii, kwamba silingi zinaisha, na mwanamume mmoja nje akawa anagonga chuma cha kibanda kwa ufunguo: ko ko ko ko. Mwalimu anaita, "Haloo? Batuli? Uko?"

Nikavuta simu kwangu. Nikabana koo. Nikasoma.

Nilisoma habari yote ya kuku aliyepotea kwa sauti yako. Unajua mimi kuiga ni kipaji changu tangu siku za mjomba Juma. Na ili mwalimu aamini, nikaweka vigugumizi viwili vidogo, kimoja mwanzo, kimoja karibu na mwisho. Nilikuiga, Batuli, na wewe umesimama hapo, kichwa chako chini ya kiwiko changu. Mwalimu akapiga ukelele wa furaha kule Kisumu. "Batuli! Umesoma yote! Uko hapo, malaika wangu?" Nikajibu kwa sauti hiyohiyo, "Asante mwalimu."

Ndipo ukanitazama. Ni vile vile ulivyonitazama jana.

Tukarudi nyumbani, nikakununulia viazi karai njiani na nikakuambia, "Usimwambie baba yako." Hukumwambia baba. Hukumwambia mtu yeyote kitu chochote. Kwa muhula uliobaki uliongea na mimi kwa kichwa: juu ndiyo, kando hapana. Nikasema huyu mtoto ni mkaidi, ametoka kwa kina baba yake.

Alhamisi iliyofuata Mwalimu alisema umepiga hatua kubwa, na kwamba ana watoto wengine wanaongoja nafasi, basi tungeweza kupumzika. Na mimi nilifurahi. Hilo ndilo neno ambalo sikutaka kuliandika tangu nikalie kiti hiki. Nilifurahi kwa sababu foleni imeisha. Nikasema asante sana mwalimu, Mungu akubariki, nikakata simu, na nilipotoka nje nilivuta pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Yaliyofuata unadhani nayajua nusu. Nayajua yote.

Nilikuwa hapa nashona. Mama Njoki akaja mbio, leso mkononi. "Mama Batuli! Mtoto wako ako kwa simu pale posta! Ako peke yake! Anaongea na opereta na watu wamejaa!" Nikatoka na futi yangu ya kupimia shingoni, kiatu kimoja cha baba yako na kimoja changu. Tulipofika nikakuona ndani ya kibanda na sare ya shule. Pesa hukuwa nayo. Ulikuwa unajaribu kupiga ile simu ambayo anayepigiwa ndiye hulipa, na kwa hiyo lazima opereta akuulize jina lako kwanza. Ukianza, anangoja kidogo, anadhani ni watoto wanacheza, anakata. Unapiga tena. Mama mmoja wa foleni aliniambia hiyo ilikuwa ya nne. "Na hataki kutoka," akasema, "na hata hatujui kama tumtoe ama tumwombee."

Nilifika mpaka mlangoni. Mkono wangu ulikuwa kwenye chuma. Mguu wako ulikuwa unapiga chini du, du, du, na macho umefinya. Mama Njoki akanisukuma kwa nyuma: "Ngai, ingia umsaidie! Sema tu jina lake, ni neno moja!" Na nilikuwa naingia, usinipe sifa nisizostahili. Ulimi wangu ulikuwa tayari umelishika jina lako.

Ulifungua macho ukaniona kwenye kioo. Ukanigeuzia mgongo.

Mgongo mdogo namna hiyo, na begi la shule juu yake. Sikuweza kuingia. Na huko upande wa pili, nadhani alikuwa opereta mwingine, au yule yule alichoka kukata, kwa maana nilikusikia ukianza, na ukaendelea, na hakuna aliyekukata. "B-b-b-b..." Watu kumi wamesimama wanakusikia. Ikachukua muda ambao mtu angeweza kutunga uzi kwa sindano na kufunga fundo. "...Batuli." Foleni ikashusha pumzi yote pamoja. Yule mama akasema, "Aki huyu mtoto."

Ukaongea na Mwalimu Atieno muda mrefu. Sikusikia, ulikuwa unanong'ona ukutani. Halafu ukafungua mlango ukanipa simu bila kunitazama.

Nilidhani atanigombeza. Nilikuwa tayari, na nilikuwa na majibu: foleni, mvua, silingi, aibu. Hakunigombeza. Alisema, "Mama Batuli, yule mtoto aliyenisomea habari ya kuku, mwambie tumefunga faili lake. Sasa tuanze na huyu wa kweli." Halafu akanipa mimi zoezi. Mimi! Alisema kesho yake niende buchari, niombe nyama nikigugumia makusudi, na nisiache mpaka nimalize. Nikamwambia mwalimu, nina watoto na wateja, mimi ni mtu mzima anayejulikana. Akasema, "Ndiyo maana."

Ijumaa nikaenda. Nilitaka maini. Nikasimama mbele ya watu wanne nikasema, "Nipe ma-ma-ma..." Masikio yangu yakawaka moto. Wanne wote wakatazama viatu vyao. Mwenye buchari, mtu mzuri, ananionea huruma, hakuniacha nifike popote. "Matumbo? Sawa mama, matumbo kilo moja," na hapo hapo amekata, amepima, amefunga na gazeti. Na unajua nilifanya nini? Nilisema asante. Nikalipa. Nikabeba matumbo nisiyoyataka mpaka nyumbani, kwa sababu kumrudisha mtu kwenye neno alilokudakia ni kazi kubwa kuliko kula matumbo.

Ukauliza, na ilikuwa sentensi yako ya kwanza kwangu baada ya wiki nyingi: "Mama, si ulisema m-maini?"

Nikakuambia amenimalizia neno.

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukapangusa macho, ukasema, "Basi mimi hula m-matumbo kila siku."

Nimeshona magauni mangapi tangu siku hiyo, na bado kila nikikaa kwenye cherehani hii nasikia hiyo sentensi. Miaka mingi ulikuwa unataka kitu, mimi nadakia neno, nakukabidhi kitu kingine, na wewe unasema asante mama. Hata lile gauni la rangi ya machungwa la Idi. Ulikuwa umeanza kusema rangi gani, Batuli? Mpaka leo sijui.

Tulirudi kibandani, miaka miwili zaidi. Na nikajifunza kusema kwa sauti, foleni ikisikia: "Kidevu kinatetemeka, mwalimu. Amefinya macho. Mguu unapiga." Mara ya kwanza sauti yangu ndiyo ilikwama. Mwalimu akasema, "Vizuri, sasa naona." Watu wakazoea. Ikafika mahali yule mtu wa kugonga na ufunguo akawa anauliza, "Leo amefika wapi?" Kigugumizi hakikuondoka, na Mwalimu hakuwahi kuahidi kitaondoka. Kilichoondoka ni ule mguu, nayo macho yakabaki wazi. Na jina la Asha halikurudi tena.

Ungedhani mwanamke aliyepitia hayo yote amejifunza. Hata! Umepata barua ya chuo, furaha imekaa siku mbili, na siku ya tatu nimechukua kalamu nimebana koo tena, nimekuongelea kwa mkuu wa chuo kwa maandishi mazuri. Barua ile, Batuli, ni habari ya kuku aliyepotea. Hata vile vigugumizi viwili nimeviweka, kwa heshima zote. Jana ulipoiweka hapa nilikukasirikia siku nzima, na leo nimegundua hasira zile zilikuwa za mtu aliyekamatwa.

Sina ushauri wa maana wa kukupa. Watakucheka kule, kwa wiki moja hivi, na nadhani unajua zaidi yangu namna ya kupita hapo. Wengine watakuwa wazuri, na hao ndio uwaangalie, wale wazuri wenye huruma wa kukudakia. Wakikupa matumbo, yarudishe. Mimi nilishindwa siku ile, na nilikuwa na ulimi mzima.

Umesema jana asubuhi, kabla hujafungua sanduku, "Mama, kesho kutwa u-usikuje." Niliudhika nikajifanya sijasikia. Nimesikia. Sitakuja Nairobi mpaka kwenye basi, na sitakuja Kericho kusimama kando yako kwenye meza ya kujiandikisha. Baba yako atakubebea sanduku hadi stendi, na amekubali kutoongea.

Sasa geuza ukurasa huu wa mwisho uone. Umeandikwa nyuma ya ile barua ya mkuu wa chuo. Sikuichana kwa sababu nilitaka uione ikiwa imeharibika kwa mkono wangu mwenyewe. Haiwezi kwenda kwake tena.

Ila nina ombi moja, na hili si la kujadiliwa. Mama Njoki siku hizi ana simu dukani, nambari unaijua. Ukishajiandikisha kesho Jumatatu, tafuta kibanda unipigie, ile ya kulipiwa na mimi. Nitakuwa nimekaa dukani kuanzia saa kumi, na Mama Njoki nimemwambia akifungua mdomo nitahamia duka lingine. Opereta ataniuliza kama namjua anayepiga. Nitamwambia namjua. Halafu nitafunga mdomo, na wewe uanze.

Mama yako,
Zaituni